Wadogo zangu wa tableti, msibishane na mtazamaji

Nilijiapiza kwamba sitaandika tena mambo ya namna hii, maana mara ya mwisho mlinijibu kwa vikatuni vya kucheka. Lakini wiki hii nimeshindwa kuvumilia. Mmoja wenu mnaochora kidijitali kaposti picha nzuri kweli ya bibi aliyekaa dirishani, mwanga unaingia kutoka kushoto, mikono imelala mapajani. Mtazamaji mmoja akaandika chini yake kwamba ile mikono imemfanya aache alichokuwa anafanya, akakaa chini. Na kijana wetu akajibu nini? "Asante sana! Brashi ya mkaa, opasiti 60, turubai pikseli 6000, saa kumi na nne za kazi." Mtu kakufungulia moyo, wewe unamsomea risiti.

Sasa kaeni. Nawapenda, ndiyo maana nakasirika. Leya (zile tabaka za picha), maski, modi za kuchanganya, hayo mnayajua na wengine mmeshanizidi, kwa hiyo sitayarudia. Nataka kusema juu ya yule aliye upande wa pili wa skrini, ambaye wengi wenu mnamhesabu kama laiki tu.

1. Tableti yako haina kosa.

Hapakosi wa kuniambia, "Dada, kazi zangu hazigusi watu kwa sababu natumia kifaa cha zamani, kalamu yangu haina viwango 8192 vya presha." Mdogo wangu, leta kwanza mkono unaojua kutofautisha viwango ishirini. Susan Kare alichora alama za kompyuta ya Macintosh, iliyotoka mwaka 1984, kwenye miraba 32 kwa 32, nyeusi na nyeupe tu, hata kijivu hakuna. Zidisha: vidoti 1,024. Ndani ya vidoti hivyo akaingiza kompyuta ndogo inayotabasamu, ukiwasha mashine inakupokea. Wakati huo watu wengi hawajawahi kugusa kompyuta maishani, naye alichora akijua hilo. Ninyi mna pikseli mamilioni na bado hamjajiuliza nani anatazama.

Kuna kijana niliyekuwa namfundisha, kila akinunua kifaa kipya picha zake zinazidi kung'aa na watu waliomo wanazidi kufanana, macho ya kioo, shingo ndefu. Siku kalamu ikamharibikia. Akachora kwa kidole kwenye simu, mdogo wake kalala mdomo wazi, udenda umeshuka mpaka kwenye mto. Ndiyo picha yake ya kwanza ambayo watu walitumiana. Akanipigia amekasirika kabisa, anataka kujua kwa nini hiyo mbaya ndiyo wanayoipenda. Nilicheka mpaka akakata simu.

2. Ipunguze kabla hujaipamba.

Wengi wanaokutazama wako kwenye simu, na picha yako wanaiona kwanza ikiwa ndogo kama kucha, kidole kimeshaanza kusogeza. Kama kwa ukubwa huo haisomeki, zile kope ulizochora moja moja hazitamwita mtu.

Na mkipima mwanga na giza, acheni kuiamini ile amri ya Photoshop ya kuondoa rangi. Inachukua wastani wa namba kubwa na namba ndogo kabisa kati ya nyekundu, kijani na buluu za kila pikseli, kwa hiyo njano safi na buluu safi zinatoka kijivu kilekile, wakati jicho lako linaona njano inawaka na buluu imezama. Kwa hesabu za sRGB, mfumo wa rangi wa skrini nyingi, kijani peke yake kinabeba karibu asilimia 72 ya mwangaza tunaouona, nyekundu 21, buluu 7. Weka leya nyeusi tupu juu ya zote, modi yake ya kuchanganya iwe ya rangi (Color), uwe unaiwasha na kuizima. Hapo utaona ukweli. Na msitegemee nyekundu dhidi ya kijani peke yake kubeba picha: kwa watu wenye asili ya Ulaya Kaskazini, karibu mwanamume 1 kati ya 12 hutofautisha rangi hizo kwa shida. Kwake, ua lako jekundu kwenye majani linaweza kuwa majani tu.

3. Kuchapisha.

Buluu ile ya umeme mnayoipenda haimo kwenye wino. Skrini inatoa mwanga, wino unaumeza. Tazama kwanza picha itakavyokuwa kwa CMYK, yaani rangi nne za wino, kwa profaili ya rangi ya mchapishaji wako, ulie ukiwa peke yako kuliko kulia mbele ya mteja. A3 kwa nukta 300 kwa inchi ni pikseli 3508 kwa 4961, na ongeza milimita 3 kila upande za kukatia. Basi.

4. Usimsahihishe mtu aliyeguswa.

Hapa nitakawia, mnivumilie.

Kuna kipindi nilikuwa nimeanza kupata jina kidogo na kichwa kimeanza kuvimba. Nilichora korido. Mlango uko wazi nusu, mwanga wa jioni umelala sakafuni, hakuna mtu. Sakafu ya vigae. Mnavijua vigae na perspektivi, ile mistari ya kuonyesha umbali: ukikosea mstari mmoja, kosa linakufuata mpaka mwisho wa chumba. Nilikosea. Karibu na kizingiti mistari ilikataa kukutana, na usiku ulikuwa umekwenda, sina nguvu za kurudia. Nikachora kandambili juu ya lile kosa. Moja imekaa sawa, nyingine imegeuka upande, kwa sababu ikigeuka hivyo ndivyo inavyofunika vizuri. Mkanda wa ile ya kulia nikaupaka rangi tofauti kidogo maana ulikuwa unapotea kivulini, ukawa kama uliwahi kukatika ukafungwa na uzi. Haikunichukua muda. Nikaposti, nikalala.

Asubuhi nikakuta komenti ndefu ya mama nisiyemjua. Aliandika kwamba ameitazama picha ile tangu alfajiri. Kwamba baba yake alipofariki vitu vyake viligawiwa vyote isipokuwa kandambili zilizokuwa mlangoni, hakuna aliyethubutu kuziondoa, wakawa wanazipita wakiingia na kutoka. Kwamba moja ilikuwa imefungwa mkanda hivyohivyo. Akaniuliza nilijuaje.

Nilijuaje! Kuna wachoraji wanazeeka bila kuulizwa swali kama hilo. Na mimi, nikiwa na akili zangu timamu, nikamjibu hadharani: "Haha asante! Ila ukweli ni kwamba hizo kandambili nimeziweka kuficha vigae nilivyokosea." Nikaongeza kikatuni cha kukonyeza.

Nilidhani naonyesha unyenyekevu, msanii asiyejikweza, anayekiri makosa mbele za watu. Wenzangu wa fani wakamiminika. Kila mmoja akaleta kosa lake alilowahi kulifunika kwa chungu, kwa paka, kwa nywele za mbele. Mazungumzo yakanoga kwelikweli. Katikati ya vicheko vile yule mama akaandika mstari mmoja: "Samahani, nilielewa vibaya." Jioni niliporudi kusoma, komenti zake zote mbili hazipo. Amezifuta.

Mngetegemea hapo nishtuke. Sikushtuka. Kilichoniuma, naona haya kusema, ni kwamba sasa watu wanajua vigae vyangu vina kosa. Nikafungua faili, nikaweka gridi, nikavinyoosha mstari kwa mstari, na kwa kuwa hakuna tena cha kuficha, kandambili nikazifuta. Sakafu ikawa sahihi. Nikaunganisha leya zote ili faili liwe jepesi, nikasevu juu ya lile la zamani. Ndiyo, mimi huyuhuyu ninayewafokea kuhusu kusevu juu ya faili. Mnadhani ukali huu niliupata wapi? Toleo hilo ndilo lililochapishwa kubwa, likatundikwa kwenye maonyesho ya pamoja.

Siku ya ufunguzi nilisimama pembeni nikijifanya sisomi nyuso za watu. Wanakuja, wanasema "safi sana", wanahamia kwa jirani yangu aliyechora mbuzi juu ya paa. Mbuzi wa watu, miguu haijulikani ipi ya mbele ipi ya nyuma, na watu wamejazana. Baadaye akaja mzee mmoja aliyekuwa ameiona picha yangu mtandaoni. Alikuja moja kwa moja, akavaa miwani, akainama pale usawa wa kizingiti, akaangalia, akaangalia tena. "Viatu viko wapi?" Nikamwambia nimevitoa, havikuwa na kazi. Akasema "Aa," akavua miwani, akaenda kwa mbuzi.

Nilijaribu kuzirudisha. Faili lenye leya halipo tena. Nilichobaki nacho ni JPEG ndogo niliyoposti, ukiivuta karibu kandambili zinakuwa miraba miraba, na ule mkanda huoni kama ni mkanda. Nikachora nyingine. Nilizichora vizuri kuliko za kwanza, kivuli kinaeleweka, soli imelika kisiginoni, na zilikaa pale kama viatu vya dukani. Nilijua mno nilichokuwa natafuta. Yule mama nilimwandikia ujumbe wa kumwomba radhi, mrefu, nikaufupisha, nikautuma. Hakujibu, na sina haki ya kumdai jibu.

Kwa hiyo nielewane na ninyi hapa. Sababu yako ya kuweka kitu kwenye picha ni yako, haimzuii mwingine kukikuta na sababu yake. Yule mama alisema alielewa vibaya. Hakuelewa vibaya. Zilikuwa kandambili mlangoni na mwenyewe hayupo, hicho ndicho kilichochorwa, na yeye ndiye aliyekiona. Mimi mchoraji nilikuwa naona vigae. Mtu akikueleza alichokiona, muulize akueleze zaidi. Ukikosa la kuuliza, sema asante unyamaze. Akikuuliza brashi, mtajie brashi. Wewe wa bibi dirishani, rudi ukamjibu upya yule mtu. Nimeangalia sasa hivi, komenti yake bado ipo.

5. Macho hayaendi unakoyatuma.

Kuna mtafiti wa Kisovieti, Alfred Yarbus, kitabu chake kilitoka kwa Kiingereza mwaka 1967. Alinasa mwendo wa macho ya mtu anayetazama mchoro wa Ilya Repin, ule wa mtu anayeingia nyumbani ghafla na familia imepigwa na butwaa. Mchoro uleule, mtazamaji yuleyule, maswali tofauti. Akiambiwa akadirie umri wa watu, macho yanarukia nyusoni. Akiulizwa familia hii ina hali gani ya maisha, yanahamia kwenye nguo na samani. Michoro ya njia za macho yake ukiiweka pamoja utadhani ametazama picha tofauti.

Kwa hiyo mnaponiambia "dada, nimemwongoza mtazamaji kwa mistari", sawa, umemwongoza mwanzoni. Kinachofuata kinategemea swali alilokuja nalo, na hilo hukulichora wewe. Unachoweza kufanya ni kuacha vitu vya kuokotwa. Picha zenu nyingi zimesafishwa mpaka hakuna cha kuokota: nyuma kuna ukungu, pembeni kuna ukungu, katikati kuna uso. Nani kakaa kwenye kile chumba kabla ya huyu msichana? Kikombe kiko wapi? Nani kafunga lile pazia kwa fundo baya namna ile? Hamkuchora pazia, najua.

Tazameni kazi za msanii Vera Molnár, aliyeanza kutumia kompyuta mwaka 1968 na kufariki Desemba 2023 akiwa na miaka 99. Kuna mfululizo wake wa miraba ndani ya miraba, safu kwa safu, halafu baadhi ya mistari kaitikisa kidogo. Programu inayochora miraba iliyonyooka haina ugumu wowote. Ila jicho lako litakimbilia wapi? Kwenye ule uliopinda. Sisemi muwe wachafu. Najua kuna watakaosikia haya wakaacha kuchora vidole. Vidole chora.

6. Kila siku, kila siku.

Kila nikizungumzia subira natajiwa Beeple. Ndiyo, Mike Winkelmann, ndiye huyo Beeple, aliuza kazi moja ya kidijitali kwenye mnada wa Christie's Machi 2021 kwa zaidi ya dola milioni 69. Mnachokiruka ni kwamba ile kazi ni mkusanyiko wa picha 5,000, moja kwa siku, na ya kwanza aliiweka tarehe 1 Mei 2007. Mmeikariri bei, tarehe mmeiacha.

Halafu kuna mtego mwingine, wa picha iliyopendwa. Mmoja wenu alichora msichana mwenye macho ya dhahabu, picha ikasambaa, na tangu hapo ni macho ya dhahabu tu. Mwenye kilemba, mwenye mvua, mwenye ndege begani. Nikimuuliza anasema watu ndio wanaotaka. Mdogo wangu, watu walimpenda wa kwanza kwa sababu hawakuwa wamemtarajia. Picha ikishika, chora kitu kingine wiki hiyohiyo, kabla hujaanza kuogopa kuwapoteza. Laiki zitashuka. Acha zishuke.

7. Mteja naye ni mtazamaji.

Malipo ya awali na idadi ya marekebisho viandikwe kabla hujagusa kalamu, na usinifanye nirudie hili.

Kwa picha za sura za watu, hasa marehemu, muulize mteja swali moja: "Nitajie kitu ambacho nikikikosa hutamtambua." Usitegemee picha za simu alizokutumia, simu nyingi siku hizi zinalainisha ngozi zenyewe na mwenyewe hajui. Mteja wangu mmoja alifikiri sana, akaniambia kaka yake alikuwa akivua miwani kwa kiganja kizima, kama anajifuta uso. Hakuna picha hata moja iliyokuwa inaonyesha hivyo. Ilibidi nisimame mbele ya kioo na miwani ya kuazima nikijipiga picha kama mwendawazimu, mpaka nikapata namna kidole kidogo kinavyobaki hewani. Ile kazi ina makosa ya nuru mpaka leo, ukiitazama kwa jicho la fani utayaona. Mteja hajawahi kuyaona. Aliutazama mkono tu.

8. Faili.

Nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja ikae mbali na ulipo. Kila toleo namba yake. "Mwisho_kabisa_sasa2" siyo namba.

Akili mnemba mnaniuliza kila siku, na hotuba sina. Tunzeni hatua zenu za kazi, vijichoro vya mwanzo na rekodi za skrini, kwa sababu mtazamaji siku hizi anauliza kama ni wewe uliyechora, na ana haki ya kuuliza. Mwonyesheni bila kununa. Nimegundua pia kwamba watu wengine wanapenda kile kijichoro kibovu cha kwanza kuliko picha yenyewe, na mimi nimeacha kubishana nao.

Mnaonitumia kazi mkisema "dada, nikosoe": nitumieni ikiwa ndogo, faili la megabaiti mia tatu silifungui. Msiandike brashi. Andikeni mnamchorea nani, na jibu la "kila mtu" silipokei, hata kama ni binamu yako tu, mtaje binamu. Nikiwa nimeiona na sina la kusema nitawaambia hivyohivyo. Nikikaa kimya siku mbili, nikumbusheni, ila msinipigie.